Ndevu za Matanga

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Mama,

Nimeanza kukuandikia kwa sababu nyumba imebaki na mdomo mmoja, na huo mmoja haupendi kuongea peke yake. Hapa hakuna atakayesoma. Hata wewe ulikuwa husomi bila miwani, na miwani yako tumeichoma pamoja nawe.

Leo nimepika wali mwingi tena. Mkono bado unapima wa watu wawili.

Asubuhi nilijitazama kwenye kioo cha bafuni. Sikutaka, lakini nilikuwa napiga mswaki. Mama, zimetoka! Kidevuni, chini ya taya, na zile nene za shingoni ulizokuwa ukiziita wapangaji wasiolipa kodi. Tangu ulipolazwa hospitali hakuna aliyezigusa. Na mfiwa hanyoi, hakati nywele, hanyonyoi uso mpaka siku ya mia tangu kifo ipite. Kwa wengine hiyo ni heshima kwa marehemu tu. Kwangu ni heshima na ni mtihani.

Nakumbuka Jumapili zetu. Unafunga pazia la jikoni. Unanipaka poda nyeupe, unauma ncha ya uzi, unaupitanisha vidoleni ukamate nywele na kuzing'oa, halafu unanikemea kwa meno yaliyofungwa: "Uhitikihike!" Yaani usitikisike. Nami nacheka, natikisika zaidi, unanifinya. Poda, uzi, harufu ya tangawizi mikononi mwako. Ilikuwa hivyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa, siku daktari alipotuonyesha kwenye picha ya tumbo vile vifuko vidogo kwenye ovari zangu, vimejipanga kama shanga. Akasema ni homoni. Hedhi itakuja ikipenda. Uzito utakuja bila kualikwa. Nywele zitaota pasipotakiwa. Watoto huenda wasije. Ulitoka mle ndani ukaninunulia maji ya muwa, ukasema, "Basi. Uso ni kazi yangu. Hayo mengine tutaona."

Uso ulikuwa kazi yako. Sasa ni kazi ya nani?

Jumapili, tarehe 12 Machi

Pazia halikufungwa. Nilikaa jikoni tu.

Shangazi Luan amekuja na machungwa. Nilikuwa nimevaa barakoa, akasema nivue tunywe chai, mtu hanywi chai na damu yake huku amefunika mdomo. Nikavua. Akanikazia macho. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe machozi yanamlengalenga! Akanishika mkono. Amesema wasichana wa siku hizi mzazi hajapoa wameshafika saluni, lakini mtazame huyu — ameuacha uso wake hivyo hivyo kwa ajili ya mama yake. Mtoto wa namna hii hazaliwi tena.

Anadhani ni matanga, Mama!

Sikumsahihisha. Niliinamisha kichwa kama mtoto mwema. Alipoondoka nimekula machungwa yote.

Jumamosi, tarehe 18 Machi

Kaka Kuo-tung amepiga simu kutoka Kaohsiung. Ni habari za kizimba chako cha sokoni, cha kunyonyolea watu nyuso. Kimefungwa tangu uugue, na kamati ya soko inauliza. Yupo bwana mmoja anauza makava ya simu, anakitaka. Pale ubavuni mwa hekalu kila mtu anapataka.

"Wewe mwenyewe hutoki, Pei-jung. Utakaa humo ndani mpaka lini? Njoo kwetu. Chumba kipo. Watoto wanakupenda."

Nikamwambia mfiwa hagusi uso wa mtu. Tungoje siku ya mia.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nitafungua."

Akasema pole pole, kama mtu anayebeba bakuli la supu, "Usipofungua nampa yule bwana. Si kwa ubaya, mdogo wangu."

Kaka si mbaya. Ni mtu wa kupanga mambo. Lakini habari za kidevu changu yeye hazijui. Wewe ulisema mambo ya wanawake hayavuki pazia, nami sikuyavusha.

Nimesema nitafungua. Nimesema kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijui mdomo uliyatoa wapi maneno hayo.

Alhamisi, tarehe 23 Machi

Sikuamka.

Ijumaa, tarehe 24 Machi

Sikuamka tena. Mikate mitamu kitandani. Makombo.

Jumatatu, tarehe 27 Machi

Nimekwenda kliniki! Nimekwenda kwa miguu, na barakoa mbili, moja juu ya nyingine.

Daktari ni mpya, anaitwa Yeh, mwanamke, mdogo kwangu. Nilijiandaa kwa wimbo ule ule: punguza uzito, punguza sukari, olewa mapema. Kweli akauimba ubeti mmoja. Halafu akaweka kalamu chini akaniuliza, "Na moyo je? Unalala?"

Nikamwambia mama yangu amefariki. Akasema pole. Kisha akauliza, "Na kabla ya msiba?"

Kabla ya msiba. Nilitafuta jibu, Mama. Nikakumbuka ile kazi ya mapokezi hotelini niliyoiacha. Niliwaambia watu mshahara mdogo. Kweli ni kwamba taa ya pale mezani ilikuwa inanimulika kidevu. Nikamkumbuka Chun-wei, aliyekuwa akinichekesha mpaka naegemea ukuta. Nilimwacha kabla haijafika siku ya kunigusa uso. Nikakumbuka siku nilizolala mchana kutwa tukaziita uchovu, ukaniletea uji mlangoni ukaondoka bila kuuliza. Huzuni ya msiba naijua, ina jina lako. Ile nyingine ilikuwamo zamani, kimya, kama panya wa darini.

Nikamwambia yote hayo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliweka kalamu chini.

Amesema wanawake wengi wenye hali hii moyo nao huugua. Wasiwasi, majonzi, kujichukia kwenye kioo. Si uvivu, si tabia dhaifu. Inakwenda pamoja na yale mengine, na inatibika kama yale mengine. Amenipangia mshauri kila Jumatano. Vidonge vya kutuliza huzuni amesema tutazame kwanza, ila nikivihitaji nisione aibu.

Nikauliza mbona miaka yote hiyo hakuna daktari aliyeniuliza. Akasema hajui. Akaona haya. Nimempenda kwa ile haya.

Jumatano, tarehe 5 Aprili

Siku ya kufagia makaburi. Kaka na Wifi Mei-chu wamekuja na watoto. Tumeng'oa majani kwa babu na bibi na kwa Baba, tukaja kwako, ukatutazama kutoka kwenye picha yako na ile blauzi usiyoipenda. Samahani. Kaka ndiye aliyechagua picha.

Nyumbani tumekula chapati zetu nyembamba za kufungia mboga. Wifi alikuwa amesahau unga wa karanga. Nikasema Mama angetufukuza wote. Tukacheka, kisha kila mtu akaangalia sahani yake.

Halafu An-an, kitinda mimba wao, akapanda mapajani pangu. Barakoa nilikuwa nimeivua nile. Akapitisha kidole.

"Shangazi ana ndevu kama Baba!"

Wifi amekwama na kijiko hewani.

Shangazi Luan, aliyekuja kula nasi, akadakia, "Nyamaza wewe. Hizo ni za bibi yako. Shangazi anamlilia."

An-an akafikiri. "Mimi nikilia sana zitatoka?"

Kicheko! Hata mimi. Kaka akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nizaliwe, akaniwekea kipande cha nyama chenye mafuta. Nimekula nyama ya heshima isiyo yangu. Ilikuwa tamu, usinicheke.

Lakini wakati naosha vyombo nimewaza: siku ya mia ikipita, ndevu hizi zitakosa jina. Nikawaza pia kwamba naweza kuongeza matanga. Mwaka mzima. Wapo waliofanya hivyo zamani. Ningesifiwa mpaka mtaa wa nne.

Niliwaza hivyo kwa furaha. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumamosi, tarehe 15 Aprili

Mgeni mlangoni. Kofia, barakoa, mwamvuli na mvua hakuna. Anamtafuta Bi. Kim wa kunyonyoa uso. Alikuwa kaskazini akimuuguza baba yake, amerudi amekuta kizimba kimefungwa, ameelekezwa hapa.

Nikamwonyesha kitambaa cha msiba kwenye mkono wangu wa kulia. Mkono wa kulia maana yake aliyekufa ni mama. Akakaa pale pale kwenye ngazi akalia kama mtoto wa kumzaa.

Anaitwa Li-hsueh. Mwalimu wa chekechea. Kumbe alikuwa akija kwako alfajiri, kabla soko halijafunguliwa, unampitisha nyuma ya pazia. Sikujua. Ulikuwa unasema unawahi ukachemshe uzi.

Akashusha barakoa ajifute machozi. Mama — nimekiona kidevu changu kwenye uso wa mtu mwingine!

Akanitazama naye. Akasema, "Wewe ndiye Pei-jung. Wewe ndiye binti mwenye ndevu."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Kila nikilia. Alisema nina binti kama wewe, anapika vizuri, anaimba vibaya, ananigombeza kwa ajili ya televisheni. Hajafa kwa ndevu, nawe hutakufa."

Nikamfungia mlango.

Jumapili, tarehe 16 Aprili

Ulisema! Nilidhani duniani ni wewe na mimi na madaktari. Miaka yote ile ya kufunga pazia, kumbe upande wa pili wa pazia unanigawa kama peremende! Hukuniuliza. Hata mara moja hukuniuliza.

Leo sikukuwekea chai mbele ya picha. Kaa na kiu.

Jumatatu, tarehe 17 Aprili

Nimekuwekea chai. Ni ya jana, nimeipasha moto. Bado nina hasira.

Jumatano, tarehe 19 Aprili

Nimemsimulia mshauri. Ni mama wa makamo, ana kikohozi, anasikiliza huku amefumba jicho moja. Akaniuliza katika yote ni neno gani limeniuma. Nilidhani nitasema "ndevu". Likatoka jingine.

"Hajafa."

Kwa sababu ulikuwa unaniona, Mama. Siku zile za uji mlangoni ulikuwa unajua vizuri kwamba si uchovu. Ulikuwa unaogopa. Ukienda kizimbani alfajiri unamwambia mwanamke mgeni binti yangu hajafa, binti yangu hajafa, na nani aliyekuwa akihitaji kulisikia neno hilo zaidi yako?

Nimelia pale mpaka yule mama akanipa karatasi zote. Nimetoka nikanunua maji ya muwa. Nikayanywa njiani, barakoa chini ya kidevu, mbele ya watu. Hakuna aliyeanguka.

Ijumaa, tarehe 21 Aprili

Nimekwenda kwenye lango la chekechea wakati watoto wanatoka. Li-hsueh aliponiona akarudi nyuma, nadhani alifikiri nimefuata ugomvi.

"Njoo Jumapili," nikamwambia. "Mikono yangu si ya Mama, lakini alinifundisha."

"Na matanga yako?"

"Yanakuogopesha?"

"Mimi naogopa wazazi wa hawa watoto waje wanione bila barakoa. Mfiwa simwogopi."

"Basi njoo na uzi wako. Wangu bado una mate ya Mama."

Hilo la mwisho lilikuwa la kijinga, lakini alicheka. Ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Jumapili, tarehe 23 Aprili

Nimefunga pazia la jikoni. Poda. Uzi menoni. Nimegusa uso wa mtu nikiwa na kitambaa cha msiba, na kama ni kosa, utaniombea.

"Una ndevu za jenerali," nikamwambia kwa meno yaliyofungwa.

"Na wewe za katibu wake," akajibu. "Jenerali ananyolewa, katibu anangoja."

Tumecheka mpaka uzi umekatika.

Amenisimulia. Naye kuna wiki anazoamka hana sababu ya kuamka. Anawaimbia watoto wimbo wa sungura, akifika nyumbani anakaa na viatu mlangoni mpaka giza liingie. Mchumba alimwacha kwa ajili ya "hujui kama utazaa". Mama yake anamlisha supu ya kuku mweusi ili apate kuzaa, mpaka anawaota hao kuku. Amesema ulikuwa na wengine wa alfajiri. Mkwe wa muuza samaki. Nesi mmoja wa zamu ya usiku. Kila mmoja na siku yake, hawakutani, kila mmoja anaingia kama mwizi, kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kwa nini hukutukutanisha? Sikulaumu. Nauliza tu.

Alipojitazama kwenye kioo alikaa muda mrefu, akijishika. Kisha akaniuliza, "Na wewe nani atakunyonyoa?"

Kinyozi hajinyoi. Ncha moja ya uzi inataka meno, na meno yangu hayafiki kidevuni kwangu. Li-hsueh hawezi, mkono wake haujui. Wembe naujua, unaacha vishina vyeusi, halafu siku mbili baadaye najikuna kama nyani. Katika mji huu baada yako amebaki mmoja tu mwenye uzi.

Unamjua ni nani. Nakuona ulivyokunja uso.

Jumamosi, tarehe 6 Mei

Nimekwenda kwa Bibi Kiok.

Nimezunguka soko, nikampita muuza mafuta ya ufuta, nikapita bucha, nikarudi, nikapita tena. Mwenye bucha akadhani natafuta ini. Mdomo wa Bibi Kiok ndio redio ya mji huu, hilo hukunificha. Mlikosana kabla sijazaliwa, kwa ajili ya kizimba cha hekaluni. Mimi kila nikipita kwake nilikuwa naangalia upande mwingine kwa ajili yako. Leo nimeangalia upande wake.

"Mtoto wa Kim! Umekuja kuniuzia kizimba?"

"Nimekuja kuomba mkono wako, Bibi."

"Mkono wangu! Mama yako alisema mkono wangu ni wa kunyonyolea mabata."

(Ulisema. Nilikuwapo.)

Nikavua barakoa. Akasogeza miwani. Akanishika kidevu akakigeuza kulia, kushoto, kama anachagua papai.

"Hizi si za matanga."

"Siyo, Bibi."

"Mji mzima unasema ni za matanga. Luan amelitangaza mpaka kwenye kwaya ya wazee."

"Wamekosea, Bibi. Ni ugonjwa wangu. Ninazo tangu nina miaka kumi na tisa. Mama alikuwa akinisafisha nyuma ya pazia."

Akakipapasa tena kidevu. Nilidhani anatunga namna ya kuitangaza.

"Nitakufanya," akasema. "Matanga yakiisha. Pale pale kizimbani kwa mama yako. Soko likiwa limejaa."

"Bibi, kwa nini soko likiwa limejaa?"

"Mimi sifanyi kazi ya kujificha, macho yangu yanataka mwanga." Kisha akanisogelea. "Na kidevu kama hiki ni tangazo, mwanangu! Wakiona nimekisafisha hiki, nani ataniletea tena habari za mabata?"

Sijui kama ni wema au ni biashara. Nadhani na yeye hajui. Nikamwambia nitafikiri.

"Fikiri," akasema. "Zinaota huku unafikiri."

Jumapili, tarehe 14 Mei

Sikukuu ya akina mama. Foleni kila mgahawa, keki kila mkono. Wenye mama hai wamevaa ua jekundu, mimi nimejibandika jeupe.

Nilirudi kitandani saa nne. Saa sita nikaamka. Mshauri alisema kuamka saa sita nako ni kuamka, nisijihukumu kwa saa. Nimefua mashuka. Nimekwenda kizimbani na ufunguo, nimefagia, nimefuta meza. Utando wa buibui kila mahali. Muuza mafuta ya ufuta akaniuliza, "Unafungua?" Nikasema, "Nasafisha." Akaniletea ndoo ya maji.

Jumanne, tarehe 16 Mei

Siku ya mia.

Tumekuchomea karatasi za sadaka, tumechoma kitambaa changu cha mkononi. Kimeungua haraka, ni kitambaa chepesi. Kaka alikuwapo, na Wifi, na Shangazi Luan akielekeza kila mtu asimame wapi.

Tulipokaa kula, Shangazi akanipigapiga goti. "Haya, mwanangu. Umelia vya kutosha. Kesho kanyoe huo uso. Umeutia heshima ukoo mzima."

Mlango ulikuwa wazi, Mama. Ningesema ndiyo Shangazi, nikaenda dukani nikanunua wembe, na hakuna ambaye angejua mpaka naingia kwenye jeneza. Ni neno moja tu. Nimelishika mdomoni, nikalitafuna.

Nikasema, "Shangazi, hizi si za Mama. Ni zangu."

"Zako vipi?" Kaka akauliza.

Nikaeleza. Vifuko, homoni, hedhi, ndevu. Kuhusu watoto pia. Kisha nikaeleza ile ya kitandani, na kwamba naenda kwa mshauri, na kwamba nitaendelea kwenda. Katikati nikanywa maji, nikaendelea. Sikuwatazama, nilitazama bakuli la chumvi.

Shangazi ndiye wa kwanza. "Kwa hiyo nimekusifu bure? Kwaya nzima nimeiambia!"

"Bure, Shangazi. Pole."

"Kuku mweusi! Hukula kuku mweusi wa kutosha, nilimwambia Kim —"

"Shangazi," Wifi Mei-chu akamkata. Yule mpole! Kisha akanigeukia. "Inauma?"

"Uzi?"

"Hapana. Kukaa nayo peke yako."

"Ndiyo."

Kaka alitoka nje akaosha gari. Lilikuwa safi. Aliporudi mikono inachuruzika maji akauliza, "Mama alijua?"

"Alijua."

"Mimi nilidhani unakataa wanaume kwa kiburi. Nikamwambia Mama hivyo. Akanitupia kandambili, hakueleza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ameketi, amepangusa mikono kidole kimoja kimoja, amesema haoni nitawezaje kukaa sokoni na mji mzima unanitazama. Hataki nichekwe. Amesema Jumamosi atakuja na yule bwana wa makava ya simu, wakatazame kizimba. "Tukikuta umefungua, umefungua. Tukikuta pamefungwa, mdogo wangu, usiniombe tena siku."

Nikamwambia sitaomba.

Alhamisi, tarehe 18 Mei

Nimekwenda kwa Bibi Kiok. Nimemwambia Jumamosi.

"Soko likiwa limejaa?"

"Likiwa limejaa."

"Usile vitunguu saumu," akasema.

Li-hsueh nimemwambia pia. Amesema atakuja kusimama nami. Baadaye ametuma meseji kwamba hajui kama atakuja. Nimemjibu kwamba yote mawili sawa.

Naogopa. Naandika ili nilione neno lenyewe. Naogopa. Halikui likiandikwa.

Jumamosi, tarehe 20 Mei

Naandikia magotini, kwenye kigoda chako, kizimba kiko wazi. Nilifungua kabla jua halijafika kwenye paa la hekalu. Pazia la nyuma nimelitoa kwenye ndoano zake, nimelikunja, nimeliweka chini ya meza. Kulifua kutakuwa kesho.

Watu wamejaa. Jumamosi, mahujaji, mapipa ya samaki, kelele. Barakoa nimeivua. Mwanzoni nilikuwa nahesabu macho. Nimeacha, ni mengi mno. Bibi mmoja alisimama akanitazama waziwazi, akamwambia mwenzake, "Huyo ndiye aliyemlilia mama yake vile." Nikamwambia, "Siyo hivyo, Bibi. Ni ugonjwa, wanawake wengi tunao. Mama nilimlilia kwa macho." Akavuta kigoda akakaa! Amesema anataka kuona mwisho.

Bibi Kiok amefika na poda yake, anasema yako ni ya ovyo. Ameitukana meza yako, ameutukana mwanga, amenipaka mpaka kope. Sasa ameenda kunawa mikono kwenye bomba la bucha na njiani anaita watu. Namsikia. "Njooni muone kidevu!" Ningependa ardhi ipasuke. Lakini nimekaa.

Li-hsueh amekuja. Amesimama kwenye nguzo, barakoa usoni. Nyuma yake kuna wanawake wawili nisiowajua, nao na barakoa, ila najua wanavyoinamisha videvu. Hawajasogea. Hawajaondoka.

Na kule mwisho, penye muuza mafuta ya ufuta, namwona Kaka. Yuko na mtu mwembamba mwenye mkoba, lazima ndiye wa makava ya simu. Kaka ameniona. Amesimama. Yule bwana anamwuliza kitu, yeye ananitazama tu nilivyo na uso mweupe wa poda katikati ya watu. Sijui atakuja au atageuka. Sijui atasema nini. Sijui kama kesho yupo atakayekaa hapa kunyonyolewa baada yangu.

Bibi Kiok amerudi. Ameuma uzi. Ananiambia kwa meno niache kuandika, kwani nimekuja kunyonyolewa au kufanya mtihani.

Naacha, Mama. Huko uliko nawe una watu wako wengi, wazazi wako, Baba, wote wale uliokuwa ukiwataja. Ukipata nafasi katikati yao, nikumbuke na mimi.